"Steira": maswali ninayoulizwa kuhusu neno "tasa" katika Agano Jipya

Nafundisha Kigiriki cha Biblia darasa la jioni. Wanafunzi wangu ni wainjilisti, wazee wa kanisa, na akina mama wachache wanaokuja moja kwa moja kutoka sokoni na vikapu vyao. Tukifika Luka 1:7, panaposema Elisabeti mke wa Zakaria alikuwa steira, yaani tasa, somo husimama. Herufi hazina ugumu wowote pale. Kinachosimamisha somo ni kwamba kila mtu darasani ana dada, shangazi au mke anayemfikiria. Nimekusanya hapa maswali yanayorudi kila mwaka, na majibu ninayotoa.

Steira maana yake ni nini hasa?

Ni mwanamke, au mnyama jike, ambaye hajazaa na haonekani kuwa wa kuzaa. Biblia ya Kiswahili hulifasiri "tasa", na tafsiri hiyo ni nzuri. Neno lenyewe halina siri wala fumbo. Halisemi kwa nini hazai, wala nani kasababisha, wala litakwisha lini. Mengi yanayosemwa mimbarani juu ya neno hili yametoka nje yake.

Linaandikwaje, na linatamkwaje?

Kwa Kigiriki ni στεῖρα. Wagiriki wa zamani za mshairi Homer hawakuitamka "ei" hiyo kama "i". Kufikia zama za mitume "ei" ilikuwa imeshageuka kuwa "i", kwa hiyo Luka huenda alisikia "stira", kama Mgiriki wa leo anavyosema. Darasani tunasema "steira" ili tusipoteane kwenye tahajia.

Linapatikana mara ngapi katika Agano Jipya?

Mara nne bila ubishi: Luka 1:7, Luka 1:36, Luka 23:29 na Wagalatia 4:27. Lipo la tano lenye ubishi, Waebrania 11:11, nalo nimelitengea jibu lake chini. Tatu kati ya hizo nne ni za Luka, na hapo ndipo mtu huuliza swali linalofuata.

Luka alikuwa tabibu. Je, steira ni neno la kidaktari?

Hapana. Wakolosai 4:14 inamtaja Luka kuwa tabibu mpendwa, na wapo waliotaka kuona dawa na vipimo katika kila neno lake. Steira lilikuwa neno la zizini na la jikoni. Mkulima alilijua, mtumwa alilijua.

Mhubiri wetu alisema steira maana yake ni "mgumu", yaani tumbo lililokuwa jiwe. Ni kweli?

Najua alikolitoa. Kamusi ya James Strong, iliyochapishwa 1890 na ambayo leo imo ndani ya karibu kila programu ya Biblia kwenye simu, inaliunganisha steira na stereos, yaani "kigumu, imara". Mtu akisoma hapo anapata mahubiri ya dakika arobaini: moyo mgumu, tumbo gumu, ardhi ngumu, na mwisho wa ibada wanawake wasiozaa wanaitwa mbele ili "ugumu" uvunjwe.

Wataalamu wa asili za maneno hawaendi njia hiyo siku hizi. Wanalipanga steira pamoja na sterilis la Kilatini na starī la Kisanskriti, ambalo ni ng'ombe jike asiyezaa. Maana yake ni kwamba tangu huko nyuma kabisa, kabla Kigiriki hakijawa Kigiriki, mzizi huu ulikuwa wa kutozaa, na wa mifugo. Ugumu haumo.

Kilichochanganya watu ni kwamba Kigiriki kina steira nyingine, iliyoandikwa vilevile, na hiyo ndiyo ndugu wa stereos. Ni gogo la mbele la mkuku wa chombo, pale panapokata maji. Katika kitabu cha kwanza cha Iliad, utenzi wa Homer, mstari wa 482, jahazi linashika upepo na wimbi linanguruma kuizunguka steira yake. Mwenye kujua vyombo vya pwani ataliona gogo hilo mara moja, na atacheka akisikia limehubiriwa kuwa tumbo la Elisabeti.

Hata kama asili ingekuwa "mgumu", bado isingetosha. Neno huchukua maana kwa watu wanaolitumia. Kwa Kiswahili mtoto wa darasa la tano anajifunza "namba tasa", yaani 2, 3, 5, 7, 11 na wenzake, namba zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Hakuna mwalimu anayeomboleza juu ya 7.

Wagiriki wenyewe walilitumiaje kabla ya Biblia?

Kwa ng'ombe, kwanza. Katika Odyssey, utenzi mwingine wa Homer, shujaa Odysseus anaagizwa awaahidi wafu kwamba akirudi kwao Ithaca atawachinjia steira, ng'ombe asiyezaa, aliye bora kuliko wote zizini. Wanafunzi hushangaa: bora, na asiyezaa? Waliokulia kwenye mifugo hawashangai. Simama mnadani uwaangalie wachinjaji. Mmoja anapapasa kiwele, anakuta kimesinyaa, anashika nundu, anashika paja, halafu bei inapanda. Jike asiyezaa hamalizwi na ndama wala na maziwa. Anachokula kinabaki mwilini. Kwa mfugaji ni hasara, kwa mchinjaji ni mafuta, na kwa Mgiriki wa kale alikuwa sadaka ya heshima.

Kwa mwanamke neno lilikuja na mkia wa zizi. Katika tamthilia ya Euripides iitwayo Andromache, mzee Peleus anamtukana Hermione kwamba ni mtamba asiyezaa ambaye hawezi kuvumilia kuona wengine wakizaa. Tusi hilo lingeeleweka kijiji chochote cha kwetu bila mkalimani.

Agano la Kale linatumia neno gani?

Kiebrania ni ʿaqarah. Lilipotafsiriwa kwenda Kigiriki, katika Biblia iitwayo Septuaginta iliyoanza kutayarishwa karne ya tatu KK, watafsiri walichagua steira: kwa Sara (Mwanzo 11:30), kwa Rebeka (25:21), kwa Raheli (29:31), kwa mke wa Manoa (Waamuzi 13:2). Luka alikuwa amelisoma humo. Akiandika kwamba Elisabeti alikuwa steira, msomaji aliyezoea Septuaginta alisikia majina hayo manne yakipita kabla sentensi haijaisha.

Mzizi wa neno la Kiebrania unafanana na kitenzi cha kung'oa, kile cha Mhubiri 3:2, "wakati wa kung'oa yaliyopandwa". Hapo napo wahubiri hupenda kujenga. Mimi hupita haraka, kwa sababu ileile niliyotoa juu ya steira.

Kwa nini ni la mwanamke tu? Mwanamume hawezi kuwa tasa?

Swali hili huulizwa na akina mama, na huulizwa kwa sauti ya chini.

Katika Agano Jipya steira lipo katika umbo la kike tu. Lakini Torati inamjua mwanamume. Kumbukumbu la Torati 7:14 inaahidi kwamba katika Israeli hatakuwako ʿaqar wala ʿaqarah, yaani wa kiume wala wa kike, wala katika mifugo. Neno ni moja, limepewa umbo la kiume na la kike, wakasimama sambamba. Watafsiri wa Septuaginta walipofika hapo walihitaji maneno mawili: mwanamume wakamwita agonos, "asiye na uzao", na mwanamke steira. Biblia yetu ya Union Version ililiona pia, ikaandika "mume wala mke aliye tasa". Kwa hiyo mzee yeyote anayesema Biblia haijui mwanamume tasa, mwonyeshe aya hiyo, kwa heshima.

Iko pia habari ya mwanamke Mshunami katika 2 Wafalme 4. Gehazi, mtumishi wa nabii Elisha, anamwambia bwana wake kwamba mama huyu hana mtoto, na mumewe ni mzee. Hakuna aliyemwita tasa. Gehazi ametaja umri wa mume, akanyamaza.

Na hospitali za leo zitasema hivyohivyo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mmoja kati ya sita hupata tatizo la kutopata mimba wakati fulani maishani, na chanzo kinaweza kuwa kwa mwanamume, kwa mwanamke, kwa wote wawili, au kisijulikane. Mume anayempeleka mkewe kwa waombaji watano na yeye mwenyewe hajapimwa hata mara moja hana aya ya kumtetea.

Luka 1:7 inasema Elisabeti ndiye aliyekuwa tasa. Je, Luka anamlaumu?

Soma kuanzia aya ya 6. Luka anasema wote wawili walikuwa wenye haki mbele za Mungu. Halafu hawakuwa na mtoto, kwa kuwa Elisabeti alikuwa tasa. Halafu wote wawili walikuwa wazee sana. Neno la Kigiriki la "wote wawili", amphoteroi, linafunga pande zote mbili: haki ni ya wote wawili, uzee ni wa wote wawili, na katikati umewekwa utasa wa mmoja. Haki imetajwa kwanza, makusudi. Msomaji akija na dhana kwamba asiyezaa ana dhambi iliyofichwa, anakuta mlango umeshafungwa.

Na Zakaria, anapobishana na malaika katika aya ya 18, anasema yeye ni mzee na mkewe ni mkongwe wa siku. Hasemi tasa. Sijui kama Luka alitaka tulione hilo. Mimi hulionyesha kila mwaka.

"Yeye aliyeitwa tasa" katika 1:36 ina uzito wowote, au ni namna ya kusema tu?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na jibu lake litakuwa refu.

Gabrieli anamwambia Mariamu kwamba jamaa yake Elisabeti ana mimba, "na mwezi huu ni wa sita kwake yeye aliyeitwa tasa". Kigiriki ni tē kaloumenē steira. Umbo la kitenzi si la wakati uliopita. Ni la jambo linaloendelea, "yeye aitwaye tasa". Mwezi wa sita, tumbo limeshajaa, na bado anaitwa. Kwa nini? Kwa sababu aya ya 24 imetuambia alijificha miezi mitano. Majirani hawajui. Jina linaendelea kutembea mtaani huku mtoto anapiga teke ndani.

Kaloumenē hiyohiyo Luka anaitumia anapotaja watu kwa majina waliyobandikwa. "Mariamu aitwaye Magdalene" katika 8:2 ni kaloumenē. Simoni aitwaye Zelote katika 6:15 ni neno hilohilo katika umbo la kiume. Kwa hiyo Gabrieli anataja lakabu. Watu wa vilima vya Yuda walikuwa wanajua Elisabeti yupi anayesemwa: yule tasa.

Nina shangazi yangu, marehemu sasa, aliyeolewa kijijini kwa mumewe mwaka mmoja na wenzake wanne. Wenzake kila mmoja akapata jina: Mama Neema, Mama Baraka, Mama Pili. Yeye hakuna mtoto wa kumpa jina, na hakuna aliyetaka kumwita kwa jina lake la ubatizo, si adabu kwa mke wa mtu. Basi wakaendelea kumwita Bibi Harusi. Walimwita hivyo kisimani, walimwita hivyo kanisani, na walimwita hivyo siku mvi zimeshajaa kichwani. Hakuna aliyemtukana hata siku moja. Nilipokuwa mtoto nilidhani ndilo jina lake.

Tangu nilipoelewa kaloumenē nimekuwa nikimwona kwenye aya ile. Na naona pia kwamba Elisabeti mwenyewe, katika aya ya 25, hasemi Bwana amemponya. Anasema amemwondolea aibu "mbele ya watu". Raheli alisema karibu hivyohivyo katika Mwanzo 30:23. Wote wawili walijua maumivu yalikuwa yanatoka wapi.

Utasa ni laana?

Ukitafuta kwenye Biblia utakuta aya za kutisha, na sitazificha. Kumbukumbu la Torati 28:18 inaweka uzao wa tumbo kwenye orodha ya laana kwa taifa litakaloasi. Mwanzo 20:18 inasema Bwana alifunga matumbo ya nyumba ya Abimeleki. Walawi 20:20-21 inataja kufa bila watoto kama adhabu.

Lakini angalia maneno. Katika hizo zote tatu hakuna ʿaqarah kwa Kiebrania wala steira kwa Kigiriki. Adhabu ya Walawi inatumia ateknos, "asiye na mtoto", na wanaotishwa pale ni mwanamume aliyelala na mke wa ami yake au wa ndugu yake, pamoja na mwanamke huyo. Na nyumba ya Abimeleki walifungwa kwa kosa lililotokana na uongo wa Abrahamu.

Upande wa pili, wanawake wanaoitwa ʿaqarah na steira katika masimulizi hawaambiwi hata mmoja wao kwamba ni kwa ajili ya dhambi yake. Mwenye kutaka kusema "wewe ni tasa kwa sababu umelaaniwa" atafute msingi kwingine, maana kwenye neno hili haupo.

Kila anayeitwa tasa katika Biblia alizaa baadaye?

Katika masimulizi, ndiyo. Sara, Rebeka, Raheli, mama yake Samsoni, Elisabeti. Neno likitokea mwanzoni mwa habari, msomaji wa kale alikuwa anajua mtoto anakuja, kama sisi tunavyojua ngano inaanza mtu akisema "Paukwa" na wengine wakaitikia "Pakawa".

Rebeka watu humsahau. Isaka alimwoa akiwa na miaka 40, na mapacha wakazaliwa akiwa na miaka 60. Miaka 20 imefunikwa na nusu aya.

Hana ni wa pekee kidogo. Msimulizi wa 1 Samweli 1 hamwiti tasa popote; anasema Bwana alikuwa amemfunga tumbo. Neno lenyewe linatoka kinywani mwa Hana, katika wimbo wake, sura ya 2 aya ya 5, akiwa ameshamleta Samweli hekaluni: "aliyekuwa tasa amezaa watoto saba". Mke mwenzake, Penina, alimchokoza miaka na miaka. Neno akalitamka yeye, siku aliyotaka, katika wimbo.

Sasa hapa ndipo ninapowaomba wahubiri wapunguze mwendo. Kwa sababu wote hawa walizaa, tunawaambia wanawake wote kanisani "na wewe mwakani utaleta mtoto madhabahuni". Biblia haikusema hivyo. Mikali binti Sauli hakuwa na mtoto hata siku ya kufa kwake (2 Samweli 6:23), naye hakuitwa tasa. Nimekaa kwenye ibada ambapo mwanamke wa miaka hamsini na mbili aliitwa mbele kwa mara ya kumi na ngapi sijui, na nguo za mtoto mkononi kama ishara ya imani. Aliporudi kwenye benchi alizikunja polepole, akaziweka chini ya Biblia.

Kwa watu wa namna yake lipo Isaya 56:3-5. Towashi haambiwi atazaa. Anaambiwa asijiite mti mkavu, na kwamba atapewa ndani ya nyumba ya Mungu jina lililo jema kuliko wana na binti.

Yesu alisema "Heri walio tasa". Alikuwa anasifu kutozaa?

Luka 23:29. Yuko njiani kusulubiwa, wanawake wa Yerusalemu wanamlilia, naye anawaambia wajililie wenyewe na watoto wao, kwa maana siku zinakuja ambazo watu watasema heri walio tasa, na matumbo yasiyozaa, na maziwa yasiyonyonyesha. Ni mahali pekee katika Agano Jipya steira linapotumika kwa wingi, hai steirai.

Angalia kwamba "watasema". Ni maneno ya watu wa siku hizo za msiba. Jeshi la Roma liliuharibu mji mwaka 70 BK baada ya kuuzingira hadi ukashikwa na njaa. Katika mji uliozingirwa, asiye na mtoto mgongoni ana mzigo mmoja pungufu. Waliokimbia vita Kongo na Burundi wakiwa na watoto wachanga hawahitaji kufafanuliwa zaidi ya hapo.

Na Wagalatia 4:27? "Furahi, wewe tasa, usiyezaa."

Paulo ananukuu Isaya 54:1, na tasa huyo ni mji. Yerusalemu ulibomolewa na Wababeli mwaka 586 KK, watu wake wakahamishwa, na nabii anauimbia kama mke aliyeachwa, kwamba watoto wake watakuwa wengi kuliko wa mwenye mume. Paulo anauchukua wimbo huo na kuuweka karibu na habari ya Sara na Hajiri, akiwaelekeza Wagalatia walioshawishiwa kujifunga tena na sheria.

Kwa hiyo si aya ya kumsomea mwanamke kwenye kitchen party, ingawa nimeisikia ikisomwa huko.

Vipi Waebrania 11:11? Biblia yangu haina "tasa" hapo.

Union Version inasema "Kwa imani hata Sara mwenyewe alipokea uwezo wa kuwa na mimba", na kweli tasa haipo. Inafuata hati ambazo hazina neno hilo, na ni nyingi, zikiwemo za zamani sana kama Sinaitiko. Lakini hati nyingine, ikiwemo mafunjo iitwayo P46 ya karibu mwaka 200 BK, inasoma "Sara mwenyewe, tasa". Toleo la Kigiriki la Nestle-Aland linalotumika vyuoni leo limeliweka neno hilo ndani.

Jambo hili linagusa zaidi ya neno moja. Usemi uliotafsiriwa "kuwa na mimba", katabolēn spermatos, kwa Kigiriki ni kutoa mbegu, na hiyo kwa kawaida ni kazi ya mwanamume. Ndiyo maana baadhi ya wafasiri husoma hivi: Abrahamu alipokea uwezo huo, "ingawa Sara mwenyewe alikuwa tasa". Wengine wanabaki na Sara. Biblia moja mashuhuri ya Kiingereza, NIV, ilimweka Abrahamu mwaka 1984, na mwaka 2011 ikamrudisha Sara. Mimi naelemea kwa Sara, kwa kuwa "hata Sara mwenyewe" inasikika kwangu kama mtu anayemleta mhusika mpya mbele.

Kuna maneno mengine ya kutozaa ambayo tunayachanganya na steira?

Yapo. Ateknos ni asiye na mtoto, awe mwanamume au mwanamke. Ndilo la wale ndugu saba wa Masadukayo katika Luka 20. Akarpos ni isiyo na matunda, la miti na la watu kwa mfano, kama mbegu iliyosongwa na miiba katika Mathayo 13:22. Na Paulo katika Warumi 4:19 anasema juu ya Sara nekrōsis, hali ya kufa ya tumbo, akiutaja mwili wa Abrahamu nao kuwa kama uliokufa. Hapo tena wamewekwa wawili pamoja.

La kufurahisha ni argos. Yakobo 2:20 kwa Kiswahili inasema imani pasipo matendo "haizai". Mtu atadhani ni steira. Siyo; ni argē, kutoka a- na ergon, "bila kazi", na Yakobo anacheza: imani bila erga ni argē, imani isiyo na kazi haina kazi. Watafsiri wetu hawakuweza kuuleta mchezo huo, wakatupa kitenzi cha kwetu cha shambani, na mimi nawapongeza.

Tuseme tasa au mgumba?

Kwa mwanamke na mnyama jike, tasa ndilo limezoeleka. Mgumba husemwa kwa mwanamume na kwa mwanamke. Kwa tafsiri ya steira, tasa linafaa zaidi kwa sababu nalo linatumika kwa mbuzi na ng'ombe, na limebeba harufu ileile ya zizi. Kwa mtu aliye hai mbele yako, usitumie lolote kati ya hayo. Sema "hawajajaliwa mtoto".

Waislamu nao wana habari ya Zakaria. Neno ni lipi huko?

Ni ʿāqir, na ni la mzizi mmoja na ʿaqarah la Kiebrania. Lipo katika Surat Aal Imran 3:40 na Surat Maryam 19:5 na 19:8, na Kiswahili chake ni tasa hilohilo. Tofauti moja inayonivutia: huko ni Nabii Zakariya mwenyewe anayemwambia Mola wake kwamba mkewe ni tasa. Katika Luka, kama nilivyosema, mume hakulitamka.

Sijui Kigiriki. Nitalitafutaje mwenyewe?

Kwenye programu yoyote ya Biblia yenye namba za Strong, steira ni 4723 upande wa Kigiriki, na ʿaqar na ʿaqarah ni 6135 upande wa Kiebrania. Argos ni 692, akarpos ni 175, ateknos ni 815. Gusa neno la Biblia, namba itajitokeza. Usisome maelezo ya asili ya neno yaliyo chini yake, soma aya zenyewe zote mfululizo, kwa sauti ikiwezekana. Ila ukifika Waebrania 11:11 hutaiona 4723, kwa kuwa namba hizo zilipangwa juu ya maandishi yasiyokuwa na neno hilo. Hapo fungua toleo la Nestle-Aland na ulitafute kwa macho: herufi sita, mara tu baada ya jina la Sara.